Muulize Maalim: Mwezi huu ni mianzi tu

Sijui kumezuka nini huko kwenu, maswali ya mianzi yamenijia kwa mpigo, basi nkaona bora niyaweke pahala pamoja. Na msiseme haya mambo ya Wachina hayatuhusu, lile tenga la nyanya linaloshushwa sokoni Mwanakwerekwe kutoka bara limesukwa kwa nini? Haya, tuanze.

SWALI: Chei chei Maalim. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichaka cha mianzi alichopanda marehemu babu. Mwaka huu baadhi imetoa maua, bibi kasema tuikate yote tuichome moto, mwanzi ukitoa maua ni njaa inakuja. Ndugu zangu wanamcheka. Nani mkweli? – Mkulima, Micheweni

JIBU: Chei chei mwanangu. Ndugu zako waache kumcheka bibi, hajasema uongo, ila njaa yenyewe ilikuwa mbali huko. Kwanza jua mwanzi si mti, ni nyasi, ukoo mmoja na mpunga, mahindi, muwa na hata huo mchaichai unaotia kwenye chai. Sasa mpunga ukishatoa mbegu unafanya nini? Unakufa. Mwanzi nao aina nyingi ni hivo hivo, tofauti yake hauna haraka, kuna aina moja ya China na Japani inakaa kiasi cha miaka 120 ndo itoe maua, na siku ikifika inatoa karibu kila ilipopandwa, hata iliyovushwa bahari, halafu inakauka.

Sasa hiyo njaa. Mizoram, kaskazini mashariki ya India, milima imejaa mwanzi wa aina moja unaotoa maua kila baada ya miaka 48 hivi. Matunda yake makubwa kama peasi, yanaanguka tele, panya wanakula wanazaana mpaka basi, na yakimalizika wale panya hawaendi popote, wanahamia kwenye mashamba ya mpunga na maghala usiku kwa usiku. Ikawa hivo mwaka 1959. Wazee walionya mapema, wakubwa wakaona ni maneno ya wazee tu (mnaona sasa kwa nini nasema msimcheke bibi), njaa ikaingia kweli, watu wakaunda chama cha kusaidiana chakula, mwaka 1961 chama kile kikageuka cha siasa, 1966 kikashika silaha, na vita havikwisha mpaka mkataba wa 1986. Miaka 20! Sababu zilikuwa nyingi sikatai, lakini mlango ulifunguliwa na panya. Maua yaliporudi miaka ya 2006 na 2007 serikali ilikuwa imeshajifunza, ikawa inawalipa watu kwa kila mkia wa panya wanaoleta.

Wa kwenu kama ndo ule mnene wa kawaida, wa kijani au wa manjano wenye michirizi, huo kutoa maua ni nadra, na ukitoa kwa kawaida haupati mbegu, kwa hivo panya watakula nini? Kata yale mashina yaliyochanua maana yatakauka tu, mengine yaache. Ila chini ya kichaka pafagieni, nyoka anapapenda.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mwalimu wa historia skuli katwambia vitabu vya Wachina zamani vilikuwa vya mwanzi. Mtu anaandikaje kwenye kitu cha mviringo tena kina vifundo? – Mwanafunzi, Kikwajuni

JIBU: Marahaba. Haandiki juu ya mwanzi mzima, anaupasua. Wanapata vipande vyembamba virefu, wanavikausha kwenye moto maji yatoke na wadudu wasiingie, kisha wanaandika kwa burashi na wino wa masizi kutoka juu kwenda chini, kipande kimoja mstari mmoja. Ukikosea unakwangua kwa kisu. Vipande vikishatimia vinafungwa kwa uzi vinakunjwa kama jamvi, na kitabu kinene ni mzigo wa kubeba mtu. Wamekwenda hivo karne nyingi kabla karatasi haijaenea. Mwaka 1972 huko Shandong lilifukuliwa kaburi la kale, ndani mna maelfu ya vipande, na kitabu kimoja cha mbinu za vita cha Sun Bin, bingwa wa vita wa China ya kale, ambacho watu walishakata tamaa nacho, wengine wakisema hakijapata kuwepo. Karatasi gani ya leo itakaa ardhini miaka elfu mbili?

Na sie hatuko mbali na mambo hayo. Muulize babu yako chuoni, kwenye chuo cha Kurani, aliandikia nini, atakwambia ubao, wino wa masizi na kalamu ya kuchonga, ya tete au ya mwanzi. Nai ya kwenye taarab nayo ni tete, ndugu yake mwanzi, nyasi vilevile.

Maadam umetaja vitabu, Wajapani wana hadithi yao ya kale sana, ya karne ya 10 hivi, mzee mkata mianzi anaona shina linang'aa, analipasua anakuta kitoto cha kike kidogo kama kidole, wanakilea na mkewe kinakuwa msichana mzuri ajabu, wachumba watukufu wote anawashinda kwa masharti, mwisho anarudi mwezini kwao. Ingefaa kabisa paukwa pakawa zetu. Halafu yuko mshairi Su Dongpo wa China, karne ya 11, yeye kasema bora akose nyama kwenye chakula kuliko kukosa mianzi nyumbani. Mie kwa pweza wa nazi hapo simuungi mkono.

SWALI: Mume wangu anabisha kila siku eti taa ya umeme ya mwanzo ilikuwa na mwanzi ndani. Ananidanganya? – Mama Watatu, Jang'ombe

JIBU: Nusu. Ile ya Edison, mvumbuzi wa Marekani, ya 1879 ilikuwa na uzi wa pamba uliounguzwa. 1880 ndo akaingia kwenye mwanzi, akatuma watu duniani kutafuta ulio bora, ukapatikana Japani karibu na Kyoto, taa zikawaka zaidi ya saa 1,200. Msamehe.

SWALI: Maalim mie nilijenga banda la chai kwa mianzi, pesa nzuri nkatoa, haijafika hata mwaka inadondosha unga unga kwenye vikombe vya wateja. Nifanyeje? – Muuza chai, Fuoni

JIBU: Pole. Hapo umepekechwa na mdudu, anafuata wanga uliomo ndani ya mwanzi, tena nyasi hii ni tamu kwake. Watu wengi wanakosea hapa, wanaona shina nene refu wanasema limekomaa. Mwanzi unatoka ardhini na unene wake wote, haunenepi tena, unakwenda juu tu, aina nyengine mpaka sentimita 91 kwa siku moja, ndani ya miezi michache urefu umetimia lakini ni mtoto bado! Ugumu unakuja baada ya miaka 3 au zaidi. Kwa hivo muulize anayekuuzia umri, si urefu.

Halafu kabla ya kujengea uloweke wiki kadhaa, mtoni au baharini, wanga utoke, wale kina mama wanaozika makumbi pwani watakwambia maji ya chumvi yanafanya kazi gani. Kausha kivulini umesimama. Mwenye uwezo atumie dawa ya boraksi na asidi ya boriki. Miguu ya banda isiguse udongo, weka juu ya zege, na paa lipite nje mvua isipige. Ulioshapekechwa utoe wote, kupaka vanishi juu yake ni kumfungia mdudu mlango akae raha.

SWALI: Mpishi wetu mgeni kaona mianzi ya bustani ya hoteli anataka kupika machipukizi yake. Si sumu? – Kijana wa jikoni, Nungwi

JIBU: Mabichi ndiyo, yana sumu ile ile ya muhogo mchungu. Amenye maganda, akate vipande vyembamba, achemshe sufuria wazi bila mfuniko, maji ayamwage, arudie mpaka uchungu uishe, hapo yanaliwa na huko Asia ni chakula cha kila siku. Iringa na Njombe wao wanakata ncha ya chipukizi wanakinga maji yake, yakilala yanakuwa ulanzi, pombe, lakini hilo mpishi wako usimwambie.