Pepa yangu imekwama wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Morogoro. Nilituma pepa ya utafiti kwenye jarida moja la kilimo mwezi wa pili, huu ni mwezi wa tisa na kila nikiingia kwenye mfumo wao nakuta maneno yaleyale, inahakikiwa. Nikiwaandikia imeili najibiwa na mashine. Kupanda cheo kunanisubiri na bila pepa hakuna kitu. Je naweza kuituma na jarida lingine, atakayewahi kujibu ndo huyohuyo?

JIBU: Marahaba. Naanza na hilo la mwisho maana ndo la hatari, usije ukafanya hivo. Siku ile unatuma kuna kiboksi ulitiki kinachosema kazi hii haiko mezani kwa jarida lingine, wengi tunatiki bila kusoma. Afu watu wa fani moja ni wachache kuliko unavodhani, mhakiki mmoja, yaani mtaalamu anayeisoma pepa na kumshauri mhariri kabla haijakubaliwa, anaweza kuletewa pepa ileile na majarida mawili. Mimi ilishanikuta, nafungua faili naona mbona hii niliisoma juzi, nikawaandikia wahariri wote wawili na ikatupwa pande zote ndani ya siku moja.

Sasa imekwama wapi. Ngoja nikupeleke nyuma ya kaunta kidogo, nimewahi kuhariri jarida dogo la chuo kwa miaka kadhaa. Pepa ikiingia, kwanza inaangaliwa vitu vya kawaida kabisa: urefu wa maneno, marejeleo yamefuata mtindo gani, kibali cha utafiti kipo (kwa Tanzania ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kama ni mambo ya afya ya watu basi NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na programu ya kukamata wizi wa maandishi inapitishwa. Hapo pia ndo tunaona mtu kafuta jina lake ukurasa wa kwanza ili mhakiki asimjue, lakini ndani kaandika "kama nilivyoonesha kwenye tasnifu yangu", au jina limebaki kwenye taarifa za faili la Word. Ikipita, mhariri anasoma kichwa, ikisiri, jedwali moja mawili, na pepa nyingi zinaishia hapohapo mezani kwake bila kwenda kwa mhakiki yeyote. Kukataliwa ndani ya wiki mbili kunauma lakini nakwambia ni fadhila, unabeba mzigo wako unaenda kwingine mapema.

Yako imevuka hapo. Ugonjwa mkubwa uko hatua inayofuata, kutafuta wahakiki, na ndo miezi inaliwa huko. Mhariri anahitaji watu wawili wanaojua jambo lako, wasiwe marafiki zako, wasiwe wa idara yako, na wakubali kusoma kurasa 25 bure, maana hawalipwi hata vocha. Kuna pepa moja niliandikia watu 11 nikapata 2, watano hawakujibu kabisa, wanne walisema wana mitihani ya kusahihisha. Waliokubali wanapewa wiki tatu nne, wanatumia miezi mitatu. Na mimi siyo malaika, kuna kijana nilimkalia pepa yake miezi mitano kwa sababu imeili ilizama chini ya matangazo ya vikao, nikaja kuikuta natafuta kitu kingine, niliona aibu mpaka leo sijaisahau. Kuna mifumo mingine inaandika inahakikiwa wakati mhariri bado anabisha hodi kwa watu, yaani hakuna aliyeifungua.

Kwa iyo achana na ile anuani inayojibiwa na mashine, tafuta imeili ya mhariri mkuu mwenyewe kwenye ukurasa wa bodi, mwandikie mistari minne: namba ya mswada, tarehe uliyotuma, unauliza imefika hatua gani, na kama amekosa wahakiki unaweza kumpendekezea majina matatu. Hilo la majina linasaidia kweli, mimi nilikuwa nafurahi. Wiki tatu zikipita kimya, andika barua ya kuiondoa rasmi, subiri wathibitishe kuwa imeondolewa, hapo sasa uko huru kwenda popote.

SWALI: Hujambo mwalimu, mimi nasoma uzamivu Eldoret. Nimeletewa majibu. Mhakiki wa kwanza amesema kazi ni nzuri, nirekebishe mambo madogo. Wa pili ameandika kurasa tatu, amenivua nguo, eti hata nadharia niliyoitumia siielewi. Mhariri anasema marekebisho makubwa. Nimelia. Supavaiza ananiambia nitafute jarida lingine. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada, ila mimi nakupa na hongera juu yake. Marekebisho makubwa maana yake mhariri anaitaka hiyo pepa, angekuwa haitaki angekuandikia mistari miwili ya asante na kwaheri. Na ujue wahakiki hawapigi kura, mmoja akisema ndiyo na mwingine hapana siyo sare, wanashauri tu, anayeamua ni mhariri, saa ingine anatafuta hata wa tatu akiona hao wawili wamevutana sana.

Mhakiki wa pili ni utani wa dunia nzima kwa watu wa vyuoni, kila mtu ana wake. Ifungie barua kabatini siku tatu. Ukirudi, tengeneza jedwali: upande mmoja unabandika kila komenti yake neno kwa neno, upande wa pili unaandika umefanya nini na iko ukurasa gani mstari gani. Zote, hata ile ya koma. Asipokuelewa usimwambie hajasoma vizuri (hata kama hajasoma!), andika kwamba maelezo yako hayakuwa wazi na sasa umeyapanua. Pale unapoona kakosea kabisa una haki ya kukataa, toa sababu na chanzo kwa adabu. Wahariri tunaheshimu mtu aliyekataa komenti mbili kwa hoja kuliko aliyekubali ishirini bila kufikiri, maana huyo wa pili pepa yake inarudi imekuwa viraka kama kanga ya kudekia.

Kuhusu kukimbilia jarida lingine, kuna kisa napenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1936 mwanafizikia Einstein na mwenzake Nathan Rosen walipeleka pepa kwenye jarida la Physical Review kule Marekani, wakidai mawimbi ya mvutano (mtikisiko wa nguvu ya uvutano unaosafiri angani) hayapo. Huko Ujerumani alikotoka alikuwa amezoea kuchapishwa bila maswali. Mhariri John Tate akaipeleka kwa mhakiki, ikarudi na kurasa kumi za kuonesha makosa. Einstein akawaka, akajibu kwamba hakuwaruhusu wamwoneshe mtu kabla ya kuchapa, akaiondoa na kuipeleka jarida la Franklin Institute. Sasa mhakiki, ambaye miaka mingi baadaye ilijulikana ni Howard Robertson, alikutana na msaidizi wa Einstein wakaongea kirafiki tu, kosa likaonekana, na pepa iliyotoka 1937 ilikuwa na hitimisho lililogeuzwa. Mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo ya LIGO kule Marekani mwaka 2015. Kwa iyo hata yeye kuhama jarida hakukumwepusha na yale marekebisho. Na wewe ukihama na pepa ileile usishangae ikimfikia yuleyule wa kurasa tatu, safari hii akiwa na hasira.

SWALI: Mwalimu, nimepata imeili kutoka jarida la kimataifa, wameniita "Eminent Professor" wakati ndo kwanza nina masta. Wanachapa kwa siku nne, dola 150. Wana ISSN na impakti fakta. Nilipe? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Usilipe. Nimekueleza juu hapo kupata wahakiki wawili tu kunavokula miezi, sasa hao wa siku nne wamewapata wapi? ISSN ni namba ya utambulisho, hata kijarida cha harusi kinaweza kuipata, haisemi lolote kuhusu ubora. Na hiyo impakti fakta, yaani kipimo cha pepa za jarida zinanukuliwa mara ngapi kwa wastani, waulize imetolewa na nani, ile inayotambulika inatoka kampuni ya Clarivate, hizi zingine watu wanajitungia majina yanayofanana.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon aliandika pepa ya uongo kuhusu dawa ya saratani, kaijaza makosa ambayo mwanafunzi makini angeyaona, akabuni mwandishi na taasisi isiyokuwepo akasema iko Asmara, akaituma majarida 304 yanayotoza ada. Yaliyokubali ni 157. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science. Kilichonichoma ni kwamba baadhi ya yaliyonasa yalikuwa ya wachapishaji wakubwa wenye majina, kwa iyo usiangalie ukubwa wa jina tu.

Lakini pia kulipa peke yake siyo dalili ya utapeli. Majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni) mengi halali yanatoza, wengi wao ada inakuja baada ya kukubaliwa, na mtu wa Tanzania anaweza kusamehewa kwa wachapishaji kadhaa kwa sababu nchi yetu iko kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo. Omba msamaha huo siku ya kutuma, usingoje ankara. Jarida usilolijua litafute kwenye DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida huria), la Afrika litafute na AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika), afu soma pepa zake mbili za mwaka jana. Zikiwa hovyo na yako itakaa jirani na hovyo.

SWALI: Supavaiza anataka jina lake litangulie kwenye pepa niliyoandika mimi. (Hakusema anatoka wapi, na namwelewa)

JIBU: Kwenye fani nyingi anayetangulia ni aliyefanya kazi kubwa. Majarida mengi sasa yanadai kila mwandishi atajwe alifanya nini hasa: nani alikusanya data, nani aliandika. Jazeni hiyo fomu pamoja kabla ya kutuma, wewe ndo ushike kalamu, mara nyingi mtu akiona kwenye kisehemu chake hakuna cha kuandika anarudi nyuma mwenyewe.

SWALI: Asalaam aleikum. Natoka Pemba. Yote haya lazima yawe kwa Kiingereza?

JIBU: Waaleikum salaam. Hapana. TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana jarida linaloitwa Kiswahili na lingine Mulika, Chuo Kikuu cha Moi wana Mwanga wa Lugha, na Swahili Forum la Ujerumani liko mtandaoni bure. Wote wanahakiki kama wengine, na foleni ni ileile. Kama pepa yako ni ya lugha au fasihi anzia huko, ila soma kwanza maelekezo yao ya marejeleo, maana nimeona kazi nzuri ya majina ya ngalawa ikirudishwa mara mbili kwa sababu ya marejeleo tu.