Maua ya mbele ya nyumba Dodoma, maji ya mgao

Dada, umeuliza upande maua gani mbele ya nyumba. Kwa jua hilo la Dodoma na maji ya mgao, panda taji la miiba, jamaa ya mnyaa yenye asili ya Madagaska. Ikipata jua la kutosha huchanua karibu mwaka mzima. Vile vyekundu unavyoviona ni majani madogo tu. Maua yenyewe ni madogo mno, yamejificha katikati.

Kata tawi la urefu wa shibiri, suuza utomvu, liache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Mwagilia udongo ukishakauka kabisa. Maji mengi huozesha mizizi.

Tafadhali vaa glovu! Utomvu ule mweupe ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uwahi hospitali. Wanapocheza watoto usipande kabisa.