Kipupwe Bandani, Jikoni na Dukani: Maswali Yenu ya Msimu

Barua nyingi za wasomaji wa Tanga mwezi huu zinalalamikia baridi. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku mjini hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Mtu mzima huongeza shuka akalala. Kifaranga wa siku moja hana shuka.

SWALI: Assalam aleikum. Julai iliyopita nilileta vifaranga 100 wa kuku wa nyama. Wiki ya kwanza walikufa 23, wengi wao alfajiri, wakiwa wamelaliana. Niliwasha balbu nne za kuokoa umeme, wati 9 kila moja, na banda nikaliziba lote kwa turubai upepo usipite. Mtaalamu wa mifugo alisema si ugonjwa. Nilikosea wapi, nisirudie mwaka huu? *Mfugaji, Pongwe*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu, na pole sana kwa hasara. Waliuawa na baridi, kisha wakauana wenyewe kwa kulundikana kutafuta joto.

Tuanze na balbu. Hizo za kuokoa umeme zimetengenezwa zitoe mwanga, si joto. Zote nne kwa pamoja ni wati 36, nazo hazitoshi hata kidogo. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, na anahitaji nyuzi 33 hadi 34, zikipimwa usawa wa mgongo wake, si juu ukutani. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Tafuta taa mbili za joto za wati 250. Moja ingeweza kuwatosha, lakini ikiungua usiku wa manane ya pili itawabeba hadi uamke. Zining'inize kwa mnyororo, sentimita 45 juu ya maranda. Usizitundike kwa waya wake wa umeme, maana ikianguka banda linawaka.

Kuku 100 hawahitaji banda zima wiki ya kwanza. Chukua hadibodi au bati jembamba la urefu wa mita 6 na kimo cha sentimita 45, ulikunje liwe duara la upana wa mita 1.8. Duara ni muhimu kwa sababu pembe ndipo wanapobanana na kukosa pumzi. Chini mwaga maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 8. Usitumie vumbi la mbao, watalila. Washa taa siku moja kabla ya vifaranga kufika, kwani sakafu ya saruji iliyopoa huwanyonya joto kupitia miguuni hata kama hewa ya juu ina joto la kutosha.

Sasa turubai. Kuziba pote ndilo kosa la pili, na tunaliona kila msimu. Pumzi na kinyesi hutoa unyevu, nao ukikosa pa kutokea maranda yanalowa, hewa inawasha macho, tumbo la kifaranga linapoa, na kuhara damu kunajialika. Upepo wa msimu huu ni kusi, kwa hiyo ziba upande wa kusini na kusini-mashariki kuanzia chini, ukiacha nafasi ya sentimita 30 juu, chini ya paa. Upande wa pili acha wazi juu vilevile.

Umeme ukikatika, mkaa unasaidia, lakini una masharti. Uwashe nje mpaka uwe mwekundu wote na usitoe moshi, ufunike kwa majivu kidogo, ndiyo uuingize. Jiko likae juu ya matofali na lizungushiwe wavu. Zile nafasi za juu zisifungwe kamwe! Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua kuku na mlinzi wao pia.

Kipimajoto kinafaa, ila vifaranga wenyewe hawadanganyi. Wakilundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi na mabawa yameachana, wana joto kali. Wakijazana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Ingia saa kumi alfajiri, baridi inapokuwa kali zaidi, umshike mmoja na umguse miguu kwa shavu lako. Ikiwa ya baridi, shusha taa kidogo pale pale, usingoje kuche.

SWALI: Unga wa maandazi hauumuki. Zamani saa moja ilitosha, sasa mbili hazitoshi. Niongeze hamira? *Mama Lishe, Ngamiani*

JIBU: Hapana, mama. Hamira ikizidi, andazi linanuka pombe na kunywa mafuta. Mara nyingi tatizo ni tui lililolala kwenye friji. Lipashe liwe vuguvugu, kidole kivumilie bila kuungua, kwa sababu la moto sana linaua hamira. Kisha weka beseni la unga ndani ya sufuria pana yenye maji ya uvuguvugu, ufunike.

SWALI: Nauza mafuta ya nazi ya kukamua. Asubuhi yanakuwa meupe na magumu, na wateja wanasema nimechanganya mafuta ya mgando. *Dada wa Makorora*

JIBU: Mafuta safi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo dada, wanachokiona ni tabia ya nazi yenyewe. Andika kwenye lebo: "Huganda kwenye baridi, hayajaharibika." Mteja akiwa mbele yako, tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yayeyuke aone. Usiyaweke motoni, na usiyachanganye na mafuta mengine ili yabaki maji, maana hapo utakuwa umefanya lile wanalokushuku.

Miezi hii hama kutoka chupa ya mdomo mwembamba kwenda kopo la mdomo mpana, mtu achote kwa kijiko. Jaza mafuta yakiwa maji lakini yamepoa. Ukifunga ya moto, mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, na maji ndiyo huyafanya yachache. Lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo yakiwa yameganda pima kwa mizani, baada ya kuondoa uzito wa kopo.