Ijumaa ya Nizwa na kiingilio ambacho hakikulipwa

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka minne, naishi Ngamiani. Mume wangu anafanya kazi katika duka la vipuri vya magari mjini Nizwa, Omani, na baada ya miaka miwili ya kuonana kwenye simu alinikatia tiketi nikamtembelee kwa wiki tatu. Mapumziko yake ni Ijumaa peke yake. Ijumaa ya kwanza alisema, "Leo tunatoka," nikajifukiza udi, nikavaa abaya niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alfajiri tulikwenda soko la mbuzi kumnunulia kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, mbuzi. Kutoka hapo tulipanga foleni ya kutuma hela: mama yake riyali 30, mdogo wake riyali 60 za ada. Kisha fundi simu, kisha tairi. Maduka yakafungwa, tukala wali wa kufungiwa ndani ya gari ambalo kiyoyozi chake ni kibovu. Jioni tulikaa kidogo kwenye mfereji wa maji, ndipo tukafika kwenye ngome. Akatazama kibao cha viingilio, akasema, "Tuiangalie kwa nje, ndani ni kuta tu." Nilinyamaza mpaka tukarudi. Usiku nilimweleza wifi yangu kwa ujumbe wa sauti, naye akausukuma kwa mama mkwe. Sasa nimerudi Tanga, mume hapigi simu kama zamani, na Desemba anakuja likizo. Je, mwanamume anayemnyima mkewe kiingilio siku ileile aliyotuma riyali 90, bado anampenda?*
*Mgeni wa Nizwa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe, na somo aliyekasirika hushauri vibaya.

Nitaanza na Ijumaa yenyewe, maana naona hakuna aliyekueleza ilivyo. Niliwahi kukaa Omani wiki sita kwa dada yangu, na Nizwa tulikwenda kutokea Maskati, mwendo wa kiasi cha kilomita 160 kuingia bara, mpaka bahari unaisahau na milima ya mawe matupu inakuzunguka. Kule Ijumaa haiwi siku nzima. Asubuhi watu huwahi soko na mahitaji yao kabla ya sala, kisha mji unafungwa, na ukitoka nje mchana wa kiangazi, joto likiwa limepita nyuzi 40, utakutana na paka tu, naye yuko uvunguni mwa gari. Maduka hufunguliwa tena jua likiinama. Kwa hiyo mtu mwenye mapumziko ya Ijumaa peke yake ana vipande viwili vya siku, na humo ndimo anapotakiwa kutia foleni ya hela, fundi, tairi, deni la fadhila kwa kafili wake, na mke aliyemkosa miaka miwili. Hakuacha matembezi akachagua shughuli. Shughuli zile hazikuwa na siku nyingine ya kwenda. Katika hilo namtetea, na simtetei kwa shingo upande.

Hata soko la mbuzi, ambalo katika barua yako limepata sentensi moja yenye uchungu, mimi ningelipa nauli kulirudia. Wauzaji huwazungusha wanyama kwa kamba katika duara, huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamejipanga ndani na nje ya duara hilo. Anayetaka mbuzi humsimamisha mwenye naye, humpapasa mgongo na kiwele, humfunua midomo atazame meno, kisha humwacha aendelee kuzunguka kana kwamba hakumpenda. Wazee wamevaa kanzu nyeupe, wengine na jambia kiunoni, na wanawake wa kibedui waliofunika nyuso hupatana bei bila kupunguza hata baisa, nazo ziko 1000 katika riyali moja. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama jambo hilo. Inawezekana kabisa kwamba mume wako alidhani amekupeleka mahali pazuri kuliko pote anapopafahamu, huku wewe umesimama na abaya mpya ukiogopa kinyesi cha mbuzi. Mlikuwa matembezini mmoja na shughulini mwingine, katika soko moja, saa moja.

Na hapo ndipo ninapoanza kumlaumu. Alisema "leo tunatoka" ilhali anajua tangu Alhamisi usiku kwamba kuna mbuzi, kuna foleni, kuna fundi, kuna tairi. Orodha ile aliibeba kichwani, nawe ukawa unaipokea kituo kwa kituo, kama abiria wa daladala asiyejua gari linapoishia. Angesema, "Mke wangu, kesho nina mambo manne, nisaidie tuyamalize kabla ya sala, jioni ni yako," ungevaa viatu vya kutembelea, udi ungeuweka wa jioni, na pengine ungemkumbusha kutengeneza kiyoyozi kwanza. Kazi zilezile, joto lilelile, lakini ungekuwa mshirika wake.

Sasa kiingilio. Mwanangu, hukuandika kurasa mbili kwa sababu ya tairi. Umeandika kwa sababu ya kibao kile, nami sitakwambia kwamba ni jambo dogo. Ndani ya ngome ya Nizwa si kuta tu. Mnara ule wa mviringo ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, ukoo uleule uliowang'oa Wareno Mombasa mwaka 1698, na ukipanda ngazi zake za kona kali utaona matundu juu ya milango ambayo walinzi walimimina asali ya tende iliyochemka juu ya vichwa vya maadui. Juu kabisa unaona mitende ya mji wote. Aliyesema ni kuta tu, ama hajawahi kuingia, ama alikuwa na hesabu mfukoni ambayo aliona haya kuitamka. Mimi naamini hilo la pili. Mtu aliyetoa riyali 90 asubuhi, akalipa fundi na tairi, ifikapo jioni huwa amebaki na chenji na aibu. Kosa lake ni kuifunika aibu hiyo kwa kuidharau ngome, na wewe ukasikia umedharauliwa wewe.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: riyali 90 hazikukupokonya mapenzi. Ada ya mdogo wake ni wajibu alioukuta, na ukiingia katika ugomvi wa kumshindanisha mama yake na tiketi ya ngome utashindwa, tena ustahili kushindwa. Una haki ya kitu kingine, ambacho ni kujua kiasi kinachotoka kabla hakijatoka, na kujua kilichobaki ni cha nani.

Mfereji mliokaa jioni, ambao umeupitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi, wenyeji wanauita falaj. Falaj Daris ya hapo Nizwa iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006 pamoja na nyingine nne za Omani. Maji yake hutoka chini ya ardhi na kushuka kwa mteremko tu, bila pampu. Kwanza watu huteka ya kunywa, kisha hupita mabafuni na mwisho mashambani, na kila mwenye shamba ana zamu inayopimwa kwa muda, zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu hizo zinajulikana na wote kabla maji hayajafika. Fungu la nusu saa huitwa athar. Ingekuwa mimi, ningemwambia mume wangu kwa utani kwamba sidai mto mzima, nadai athar yangu, na siku yake niijue mapema.

Lakini kabla ya utani una deni la kulipa. Ujumbe ule kwa wifi haukuwa wa kutumwa. Unyumba umeutoa nje kwa sauti yako mwenyewe, ukasikilizwa na mama aliyetumiwa riyali 30 siku hiyohiyo, unafikiri alijisikiaje? Mume hakuacha kupiga simu kwa sababu ya ngome. Ameacha kwa sababu kila neno lake sasa anahisi lina masikio matatu. Nenda kwa mama mkwe wako kwa miguu yako, usiende mikono mitupu, na umwombe radhi kwa maneno machache bila kumtaja mwanawe kwa ubaya. Wifi mwache kwanza.

Kisha mpigie mumeo siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri ya kwetu, ambayo kwake ni saa kumi na moja, maana wametutangulia saa moja. Atakuwa amesali, amelala kidogo, na jua limepoa. Usimtumie ujumbe wa sauti, ongea naye. Mwambie, "Baba, nilikosea kuyapeleka mambo yetu kwa watu. Lakini pale kwenye kibao iliniuma, na ningependa ungeniambia kwamba hela imekwisha." Ukishasema hayo, nyamaza umsikilize, hata akichukua muda. Wanaume wa kwetu wakiambiwa jambo la kweli kwa upole huanza kwa kukohoa.

Na Desemba ikifika, tafadhali usilipize. Nawajua wake wa Tanga, nami ni mmoja wao: mtu hajatua begi, tayari amepangiwa mgonjwa Bombo, shamba Muheza, harusi Pongwe na mkopo wa benki, halafu tunashangaa akisinzia sebuleni. Mpe orodha yako usiku uliotangulia, mambo mawili kwa siku yasizidi. Jioni moja iache wazi, mshuke Raskazone, mtazame maji yakijaa bila kumpigia mtu simu. Asubuhi nyingine nendeni mapango ya Amboni, kilomita nane tu kutoka mjini, ambako wenyeji wengi wa Tanga hatujawahi kufika kwa sababu yako karibu. Vaa viatu vya kushika mawe, abaya iache nyumbani, na kiingilio cha wote wawili lipa wewe, kabla hajainua macho kwenye kibao.