Kujiona Nimepona Kuliniponza

Jumapili usiku dada mmoja wa Kayole aliniandikia: "Nina miezi minane sijaanguka. Si niache tu hizi tembe za kifafa?" Swali hilo nalijua. Niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikajijibu vibaya.

Mwaka 2017 nilikuwa nimemaliza mwaka mzima bila kifafa. Nilimeza karbamazepini, dawa ya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni, biashara yangu ya viatu Gikomba ilishika, nikaona mtu mzima hafai kuwa mtumwa wa tembe. Nikaacha zote siku moja. Siku ya tano, ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo, nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa kando ya lami karibu na steji ya Hamza, kiatu kimoja hakipo, jino la mbele limekatika. Mtu alikuwa amenitia funguo mdomoni. Abiria walisimama mbali, wengine wakisema nina mapepo. Ni mama muuza ndizi peke yake aliyekilaza kichwa changu kwenye leso yake. Wale abiria bado wananiuma.

Sikiliza basi. Seli za neva hupitisha ujumbe kwa umeme, kwa kufungua vijilango vinavyoingiza sodiamu. Kifafa kinapokuja, seli nyingi hufyatuka pamoja, mfululizo. Karbamazepini huvishikilia vijilango hivyo vikiwa vimefungwa, seli isiweze kufyatua tena na tena. Haing'oi chanzo cha ugonjwa. Hiyo miezi minane, dada, ni kazi ya dawa! Ukiikata ghafla, mishtuko ya kifafa inaweza kurudi kwa kufuatana bila kukoma, na hiyo huua. Madaktari kwa kawaida husubiri angalau miaka 2 bila kuanguka ndipo wafikirie kuipunguza, tena kidogo kidogo.

Wala usione haya kemisti. Shangazi yangu hana kifafa na anameza hiyohiyo, kwa maumivu ya neva ya uso yaliyokuwa yakimpiga kama umeme kila akipiga mswaki. Wenye baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno, nao huandikiwa.

Ukitokwa na vipele, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, mwambie daktari, maana dawa hii huvipunguza nguvu. Na wa nyumbani waambie: ukianguka wakulaze ubavu, wasikutie chochote mdomoni, zikipita dakika 5 mshtuko haujakoma wakukimbize hospitali.

Usiache. Nasema tena, usiache.

Kengele ya simu yangu hulia saa mbili usiku. Leo ikilia nitakutumia ujumbe. Ukishameza, nijibu.