Maji ya moto, mjomba?

Wiki iliyopita mliuliza wasomaji: "Ni ushauri gani uliowahi kumpa mtu, na mpaka leo ukiukumbuka unaona haya?" Wangu una maneno manne tu: mwagia maji ya moto.

Mie ni fundi wa vitasa, Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Natengeneza vya milango ya nyumba, vya makabati, na vya masanduku ya mabibi ambayo funguo zake zilipotea bibi mwenyewe angali hai, lakini riziki yangu kubwa ni magari. Huu ni mwaka wa 22, na adui yangu miaka yote hiyo ni mmoja, chumvi. Mtu anakaa Jambiani, gari linalala uani hatua chache kutoka pwani, kusi inavuma na kuingiza ule unyevu wa bahari kwenye kila tundu. Siku hizi kila mtu ana rimoti. Anabonyeza, gari linalia, anaingia zake. Ufunguo wenyewe hautiwi kwenye tundu mwaka mzima. Siku betri inapokufa ndipo anaukumbuka, anauchomeka, haugeuki. Akiulazimisha unakatikia ndani. Mara nyingi hunijia ameshamiminia na mafuta ya kupikia, jambo ninalolichukia kuliko kutu yenyewe. Mafuta yale hushika vumbi, na baada ya mwezi vile vibati vya ndani ya kitasa vimegandana kama visheti ndani ya shira.

Nimeyasema haya mjue kwamba siku ile sikujiona mjinga. Nilijiona fundi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anaishi Kanada, mji wa Winnipeg. Ilikuwa Januari yake ya kwanza huko. Akanipigia saa tisa mchana. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kiza bado.

"Shikamoo mjomba. Mlango wa gari umeganda, haufunguki, na kazini naingia saa moja."

"Marahaba. Ufunguo unaingia?"

"Unaingia, na unageuka. Nasikia kufuli zinatoka zote. Lakini nikivuta, mlango hauji."

Fundi mwenye akili angesimama hapo hapo. Ufunguo umeingia, umegeuka, kufuli zimetoka: kitasa ni kizima, ugonjwa uko pengine. Mtu angeniletea habari hiyo kibandani kwangu ningemuuliza kuhusu bawaba, kuhusu waya wa mkono wa mlango, kuhusu mpira. Ila nilishalisikia neno "umeganda", na mawazo yangu yakakimbilia kwenye barafu pekee ninayoijua, ya friza la nyumbani. Likijaa barafu hadi droo hazitoki, mke wangu hulizima, akatia sufuria ya maji ya moto ndani, akafunga. Robo saa hivi, barafu yote inaporomoka. Nimemwona akifanya hivyo miaka na miaka.

"Una birika? Chemsha maji, uumwagie."

"Una hakika, mjomba?"

"Fundi mie au wewe?"

Hilo swali la mwisho ndilo linaloniamsha usiku.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba jikoni kwetu, nje ya lile friza, joto ni nyuzi 30. Barafu ikiyeyuka haina njia ya kurudi. Kule kwake ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Bati la mlango, hewa, ardhi, vyote vilikuwa vinayanyang'anya yale maji moto wake tangu yalipotoka mdomoni mwa birika. Yaliteremka, yakajaza mfereji wa mpira kuzunguka mlango, yakaingia na tundu la ufunguo lililokuwa kavu na salama. Hata hajaliweka birika chini, yakaanza kuwa barafu upya, tena nyingi kuliko ya mwanzo. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na ndani ya kitasa hakuna nafasi ya kitu kutanuka. Vibati na springi zake vilibanwa pale pale. Yaliyomwagika chini yakawa kioo cha kutelezea. Naye akavuta kwa nguvu zake zote.

Simu alikuwa ameitia mfuko wa koti. Nikasikia "kwa!", kisha mtu anaanguka, birika linabiringika, kimya. Halafu sauti yake, pole pole: "Mjomba, mkono umevunjika."

Niliketi chini, kwenye vumbi la mbao. Mtoto wa watu. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia dada. Ikapita kama dakika nzima ya mimi kumpa pole na kumuuliza kama anaweza kuvigeuza vidole, ndipo akafahamu nilichofahamu. "Mkono wa mlango, mjomba! Wa plastiki!" Plastiki kwenye baridi ile huwa kavu kama biskuti, nayo ilibaki kiganjani mwake. Nyonga ilimuuma wiki nzima kwa kule kuanguka, lakini mwili ulikuwa mzima, alhamdulillahi. Nimekuja kujua baadaye kwamba tuliponea chupuchupu: maji yale yangegusa kioo, kingeweza kupasuka chote. Nilisema mlango, sikusema kioo, kwa bahati tu.

Aliyemwokoa ni jirani yake, mama mmoja Mfilipino wa makamo. Winnipeg wamo Wafilipino wengi, na hao nao ni watu wa visiwa na jua kama sisi, kwa hiyo naamini naye kuna siku alimwaga birika lake. Hakumcheka. Alizunguka upande wa pili, mlango wa abiria, ambao mpwa wangu hakuukumbuka kabisa kwa kiwewe. Hakuuvuta. Aliuegemea kwa bega akausukuma ndani, mara tatu nne, juu, katikati, chini, mpaka ikasikika barafu inavunjika kwenye mpira. Ndipo akauvuta, ukaja. Kijana akapitia huko, akawasha gari na moto wa ndani, na baada ya nusu saa mlango wa dereva nao ukaachia wenyewe.

Miaka 22 sijawahi kumwambia mteja ausukume mlango anaotaka kuuvuta.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Jana yake jioni kijana aliliosha gari. Mzanzibari huyo, hawezi kuliona gari chafu siku ya pili ni Ijumaa. Maji yakabaki kwenye mpira wa mlango, usiku yakaganda, mpira na bati vikashikana kama vimetiwa gundi. Kitasa hakikuwa na kosa lolote mpaka mimi nilipokitia kosa kwa simu.

Yule mama alitoa mfukoni kichupa chenye mdomo mwembamba akadondoshea matone ndani ya tundu la ufunguo. Mfukoni, angalieni, maana wapo wanaokiweka ndani ya gari, kisha gari likakataa kufunguka na dawa imo ndani. Kilichomo, kwa sehemu kubwa, ni spiriti. Spiriti ikichanganyika na maji, mchanganyiko hauwi barafu mpaka baridi izidi sana, kwa hiyo ile barafu ya kitasani inalegea na kuwa uji. Wengine huupasha ufunguo kwa kibiriti cha gesi kisha wakauchomeka, na hiyo inafaa kwa ufunguo wa chuma mtupu. Wenye chipu kichwani ukiupasha umeuua. Kuhusu ule mpira, dawa ni kuufuta mkavu kwa kitambaa kila baada ya kuosha, kisha kuupaka silikoni kabla baridi haijaanza. Grisi hapana, mafuta ya injini hapana, huuvimbisha na kuulegeza mpira. Hili halihitaji Kanada, hata hapa nawakataza watu kila siku.

Nilipoileta hadithi hii barazani, kwenye kahawa, maalim mmoja mstaafu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kwani humjui Mpemba?" Mke wangu ni mtu wa Wete, nikadhani keshaanza masihara yake ya Wapemba. Kumbe anamsema Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wakitengeneza aiskrimu shuleni, yeye aliingiza mchanganyiko wake ungali moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Walimu na wanafunzi wakamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye hakumcheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana, wengine wakirudia jaribio halitoki. Kwa mlango wa gari, nadhani maji yangu yangeganda tu, yawe ya moto au ya baridi. Lakini mke wangu nilipomhadithia alisikia jina peke yake: "Umeona? Mpemba alishajua, hukuuliza." Nikamweleza kwamba huyo kwao ni bara. Hakujali.

Jambo jingine kijana alilonieleza sijalimeza hadi leo. Kule wananunua chumvi, kwa malori, na kuimwaga barabarani iyeyushe barafu! Baridi ikizidi sana chumvi haifui dafu, wanamwaga mchanga. Lakini chumvi! Maisha yangu yote naipangusa kwenye vitasa vya watu, na kuna serikali zinaitilia bajeti. Ila hapo nikafahamu kitu kuhusu magari yetu haya yanayotoka Japani. Yapo yanayokuja yaking'aa juu, ukilala chini ukatazama, chesisi imeliwa na kutu kama gari la miaka ishirini Nungwi. Hayo aghalabu yametumika kaskazini kwao, Hokkaido na kwingineko kwenye theluji, ambako nako hunyunyiza chumvi. Anayenunua gari bandarini Malindi namwambia avue shati, alale chini.

Mkono wa mlango nilitaka kumtumia kutoka hapa, iwe kama fidia. Nikazunguka kwa wauza vipuri vilivyotumika, nikaupata wa gari lile lile. Nikaugeuza mkononi, nikakumbuka: kwao usukani uko kushoto. Mlango wa dereva wa huku uko kulia, na wa kushoto huku mara nyingi hauna hata tundu la ufunguo. Nikaurudisha, muuzaji akanitazama vibaya.

Julai alikuja likizo, kipupwe, watu tumevaa masweta kwa nyuzi 22, naye anatembea na fulana. Zawadi yangu ilikuwa kile kichupa. Mwanafunzi wangu wa kazi akakifungua, akanusa, akaruka: "Fundi, hii pombe!" Nikampeleka kwa nesi jirani, akanusa na yeye akamtuliza, ni kama ile tunayopanguswa nayo mkono kabla ya sindano. Nimekijaribu kwenye kitasa cha pikapu moja ya Jambiani iliyomiminiwa mafuta ya alizeti. Ile gundi ya mafuta na vumbi yote iliyeyuka ikatoka nyeusi. Spiriti ikikauka hukiacha kitasa kikavu kabisa, kwa hiyo nikatia unga wa risasi ya penseli, kama nitiavyo siku zote. Kimebaki robo, nakitumia kwa matone.

Mpwa wangu amesharudi zake. Kila mwaka ikiingia Novemba hunitumia picha ya birika. Haandiki neno.