Namba za maabara zinapanda kila wiki, niandike zile zinazokaribiana tu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nasoma kemia mwaka wa pili, chuo kipo Dar ila kwetu Ujiji. Likizo hii ndefu wenzangu wameenda fildi, mimi msimamizi wangu kanichukua maabara kupima asidi kwenye mawese, na mawese yenyewe niliyatoa kwa mama. Sasa shangazi mafuta ni yale yale, gramu 5 zile zile, lakini wiki ya kwanza nilimaliza na mililita 9.8 za NaOH, ile besi ninayodondosha kuimaliza asidi, wiki ya tatu 10.3, wiki ya tano 10.9. Nikimpelekea msimamizi anasema rudia. Jamaa yangu anasema andika zile mbili zinazokaribiana, maliza, sepa. Nipo nyumbani wiki hii kuchukua sampuli nyingine, mama kaniuliza hivi huko unafanya kazi gani, nimekosa jibu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na safari. Usifute namba hata moja. Mimi nikiwa mwanafunzi niliwahi kuiacha namba moja iliyonikera, kumbe ndiyo ilikuwa ya kweli, mpaka leo inaniuma.

Ziangalie vizuri hizo namba zako, hazirukiruki ovyo, zinapanda tu. Maana yake kuna kitu kinabadilika na hicho kitu ndo utafiti wako. Mimi nawashuku wawili. Wa kwanza ni hiyo NaOH, ile inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani kila ukifungua chupa, inapungua nguvu taratibu, basi asidi ile ile inataka mililita nyingi zaidi kuimaliza, na wewe ukipiga hesabu kwa nguvu ya mola 0.1 uliyoandika kwenye lebo siku ya kwanza unaona asidi ya mafuta imetoka asilimia 5.0 kwenda 5.6 wakati pengine haijabadilika kabisa. Wa pili ni mafuta yenyewe, kama chupa ilikuwa na maji maji ndani asidi inaongezeka kweli.

Kuwatenganisha ni kazi ya asubuhi moja. Pima gramu 0.51 za potasiamu haidrojeni thaleti iliyokaushwa, ile asidi ya unga ya kupimia nguvu ya NaOH, yeyusha kwenye maji, taitreti, yaani dondosha NaOH mpaka asidi iishe. Ikiisha kwenye mililita 25 NaOH yako ni 0.1 kweli, ikifika 27 au 28 mchawi umemkamata. Fanya hivyo kila wiki, na ile ethanoli, pombe unayoyeyushia mafuta, isawazishe kwanza kwa NaOH na fenoftalini, ile dawa inayogeuka pinki asidi ikiisha, kabla hujatia mafuta maana nayo huwa na asidi yake kidogo.

Halafu kuna rangi, hili najua linakutesa hata kama hujalisema. Mawese ni mekundu, ile pinki inajificha humo humo, unaendelea kudondosha tu. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski, punguza gramu, ongeza ethanoli, tikisa, acha mafuta yatulie kidogo uangalie ile pombe ya juu, pinki ikikaa sekunde 30 funga bureti, ule mrija unaodondosha NaOH.

Sasa kwa kuwa upo nyumbani, na hapa ndo nataka unisikilize sana, usichukue mafuta tu ukapanda treni. Kaa na mama umuulize chikichi zilikatwa lini na zikachemshwa lini. Zikilundikwa siku nyingi zilegee kwenye shada, zile zilizopondeka zinakuwa na kimeng'enya kinaitwa laipesi kinachokata mafuta na kutoa asidi, na kazi hiyo haikomi mpaka moto uwake chini ya pipa. Muombe akuchemshie sufuria mbili, moja ya chikichi zilizokaa siku mbili na nyingine siku saba, za shamba moja. Muulize pia michikichi yake ni ya aina gani, zile dura zetu za zamani au tenera za kituo cha utafiti cha Kihinga, usizichanganye. Chupa ziwe kavu kabisa, jaza mpaka shingoni, funga na gazeti mwanga usipite, lebo andika hapo hapo jikoni usisubiri Dar.

Na mama akikuuliza tena unafanya kazi gani, mwambie unatafuta chikichi zake zikae siku ngapi kabla mawese hayajaanza kuharibika. Yeye ana jibu lake tayari kwa kuonja, liandike kwenye daftari kabla hujapima.